Nyimbo nane za Pershing: Ahmad Jamal na wahakiki waliosikiliza piano peke yake

Albamu ya "Ahmad Jamal Trio at the Pershing: But Not for Me" ilitoka mwaka 1958 chini ya lebo ya Argo ya Chicago, namba LP 628. Ina nyimbo nane, na ukizisikiliza zote mfululizo hazifiki dakika 32. Ilikaa kwenye chati ya albamu ya Billboard kwa zaidi ya wiki 100. Kwa watu watatu wanaopiga jazz bila mwimbaji wala tarumbeta, hilo lilikuwa jambo la nadra sana. Wakati huohuo baadhi ya wahakiki wazito wa Marekani, Martin Williams wa jarida la Down Beat akiwa miongoni mwao, waliiona kazi ya Jamal kuwa nyepesi: piano ya baa, muziki wa kusindikiza vinywaji na maongezi.

Hukumu hiyo imepinduliwa zamani, na leo ni vigumu kumpata mpiga piano wa jazz asiyeiheshimu albamu hii. Lakini kupindua hukumu ni jambo moja, na kueleza kosa lilitokea wapi ni jambo jingine. Mara nyingi tunaambiwa tu kwamba wahakiki walikuwa na kiburi na watu wa kawaida walikuwa na masikio. Sikubaliani na maelezo hayo. Williams alikuwa msikilizaji makini, na alichokisikia kilikuwepo kweli: mkono wa kulia unaopiga noti chache, nyimbo za redioni na za jukwaani, urefu wa dakika tatu tatu. Kosa lake lilikuwa kusikiliza piano halafu kuwaweka wale wengine wawili nyuma yake kama wasindikizaji. Ukiisikiliza hivyo, albamu hii ni nyembamba kweli. Msikilize kila mmoja wa wale watatu kwa uzito uleule, nayo inageuka kuwa moja ya kazi zilizopangwa kwa umakini mkubwa kuliko zote za miaka ile.

Tuanze na mahali. Pershing ilikuwa hoteli ya South Side, upande wa Waamerika Weusi wa Chicago, kwenye kona ya barabara ya 64 na Cottage Grove. Ilikuwa na ukumbi mkubwa wa dansi ambako mpiga saksafoni Charlie Parker aliwahi kupiga, na klabu chini ya jengo ambako Sun Ra alipiga na bendi yake katikati ya miaka ya 1950. Jamal na wenzake walikuwa kwenye sebule ya vinywaji, wakiwa kikundi cha nyumbani. Hilo la kikundi cha nyumbani lina uzito. Bendi inayozunguka hufika mahali, hupiga mara moja na kuondoka. Kikundi cha nyumbani hupiga wimbo uleule usiku baada ya usiku mbele ya watu wanaozungumza, wanaocheka, wanaoagiza vitu. Pale unajifunza upesi ni mlango gani wa wimbo unaowafanya watu wanyamaze, na ni solo ya urefu gani inayowarudisha kwenye maongezi yao. Mpangilio wa nyimbo hizi nane ulipitia mtihani huo kabla maikrofoni haijawashwa.

Kurekodi kulifanyika Januari 16, 1958, fundi mitambo akiwa Malcolm Chisholm. Zilirekodiwa nyimbo 43, zikachaguliwa nane. Uwiano huo ueleweke vizuri, maana watu hudhani rekodi ya moja kwa moja ni kilichotokea tu usiku ule. Hapa kuna mchujo mkali: zaidi ya nyimbo nne kati ya kila tano ziliachwa, tena na mtu aliyejua anatafuta nini. Baadhi zilitoka baadaye, mwaka 1961, kwenye juzuu ya pili. Nzuri pia, lakini ukizisikiliza sambamba unaelewa kwa nini zile nane ndizo zilizotangulia.

Watu wenyewe. Ahmad Jamal alizaliwa Pittsburgh Julai 2, 1930, akiitwa Frederick Russell Jones. Alisilimu na kubadili jina mwanzoni mwa miaka yake ya ishirini. Kwenye besi alikuwa Israel Crosby, mzaliwa wa Chicago wa 1919, mkubwa kwa Jamal kwa miaka kumi na moja. Huyu hakuwa mgeni: mwaka 1935, akiwa bado kijana mdogo, alirekodi na Gene Krupa kipande kilichopewa jina lake, "Blues of Israel", kisha akapitia bendi kubwa ya Fletcher Henderson. Kwenye dramu alikuwa Vernel Fournier, aliyezaliwa New Orleans mwaka 1928, naye baadaye akasilimu. Mji wake wa kuzaliwa utarudi kwenye maelezo haya, kwa sababu bila New Orleans wimbo maarufu kuliko yote humu usingekuwepo kwa sura tunayoijua.

Mwanzoni hapakuwa na dramu. Kikundi cha kwanza cha Jamal, The Three Strings, kilikuwa piano, gitaa na besi, na mpiga gitaa Ray Crawford alikuwa na tabia ya kugonga nyuzi zake ili zitoe mlio kama wa ngoma za bongo. Ukisikiliza rekodi zao za 1951 na zile za 1955 utasikia kwamba mpangilio wa mapigo tayari upo, umegawanywa kwa vyombo visivyo ngoma. Kwa hiyo Fournier alipoingia aliikuta nafasi ya ngoma imeshachorwa, ndogo na yenye mipaka, akaketi ndani yake. Wapiga dramu wengi wangeipanua. Yeye aliipamba bila kuitanua, na ndiyo maana kikundi hiki hakikuwahi kusikika kama piano inayokimbizwa na dramu.

Namna ya kuisikiliza

Spika ya simu haifai kwa kazi hii, na sababu ni ya kifizikia. Uzi mnene wa besi, ukipigwa wazi, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Kispika cha simu hakifiki huko hata kidogo. Unachosikia ni mkwaruzo wa juu wa kila noti, mwili wake umepotea. Na kwenye albamu hii Crosby anaimba chini kabisa, kwa sauti ya mviringo, bila kugonga nyuzi kwa nguvu. Ukimpoteza yeye, unabaki na piano inayonyamaza mara kwa mara bila sababu. Naamini malalamiko mengi ya leo kwamba albamu hii "haina kitu" yanatoka hapo. Tumia vipokea sauti vya masikioni vyenye besi ya kweli, au spika za kawaida za nyumbani, na usiongeze besi kwa kitufe: ukifanya hivyo tomu za Fournier, zile ngoma zake za mvumo, zitavimba na kumfunika Crosby tena.

Zunguka mara ya kwanza ukimfuata Crosby tu. Anza na wimbo wa kwanza, "But Not for Me" wa George na Ira Gershwin, wa mwaka 1930. Una vipimo 32, kila kipimo mapigo manne, katika mafungu manne ya vipimo vinane vinane. Fungu la tatu linarudia la kwanza, la pili na la nne yanatofautiana. Hesabu kwa vidole kama unahitaji. Utagundua kwamba Crosby hatembei tu noti moja kwa kila pigo kama ilivyo desturi ya besi ya jazz. Ana vijisentensi vifupi anavyovirudia, anavibadilisha mkia, anavirudia tena, na mara nyingine kijisentensi chake ndicho kinachokaa mbele huku Jamal akiwa kimya. Kwa maneno mengine, kuna nyimbo mbili zinazoendelea sambamba: ule wa Gershwin ambao Jamal anaudokeza, na ule wa Crosby ambao haukuandikwa popote.

Mara ya pili, fuata ukimya wa piano. Jamal anapiga kipande cha melodi juu kabisa ya kinanda, kwa mguso mwepesi, kisha anaacha. Msikilizaji anayeufahamu wimbo huimalizia sentensi kichwani. Ndiyo sababu alichagua nyimbo ambazo kila mtu aliyekaa Pershing alizijua: huwezi kuacha nusu ya wimbo usiojulikana ukategemea mtu aijaze. Wahakiki walimlaumu kwa kupiga nyimbo za redioni, na hawakuona kwamba njia yake isingefanya kazi na nyimbo nyingine. "Music! Music! Music!", uliovuma mwaka 1950 kwa sauti ya Teresa Brewer, ni wimbo mwepesi kuhusu kutumbukiza sarafu kwenye mashine ya muziki. Jamal anaucheza kwa muda usiotimia dakika tatu na kuufanya zoezi la vituo: anza, simama, anza, simama, na wote watatu wanasimama kwenye nukta ileile kama waliokata uzi mmoja.

Jamal mwenyewe hakupenda neno "nafasi" ambalo watu walilitumia kueleza ukimya huo. Yeye aliuita nidhamu. Nadhani alikuwa sahihi, na ukijaribu kupiga hivi utaona kwa nini. Nafasi tupu huja yenyewe pale mtu asipokuwa na la kusema. Kinachosikika hapa ni mtu mwenye vidole vinavyoweza kukimbia kokote, na mara mojamoja vinakimbia kweli, kwa mpasuko wa sekunde chache kutoka juu hadi chini ya kinanda, kisha vinazuiwa. Mpasuko mmoja kama huo katikati ya ukimya una nguvu kuliko dakika nzima ya mbio.

Nyimbo nyingine za upande wa kwanza nazipitia haraka. "The Surrey with the Fringe on Top" unakwenda mbio kwa dakika mbili na nusu hivi, na mtu wa kumsikiliza ni Fournier: brashi zake zinafagia ngozi bila kuchoka na bila kupanda sauti. "Moonlight in Vermont" huwapoteza wanaohesabu, kwa sababu mafungu yake ya mwanzo yaliandikwa yakiwa na vipimo sita badala ya vinane. Usijilaumu ukijikuta mbele ya bendi. "There Is No Greater Love" ni mzuri na hauna fumbo. Upande wa pili, "Woody 'n' You" wa Dizzy Gillespie ndio wimbo pekee humu uliozaliwa mikononi mwa wanajazz wa bebop, ile jazz ya kasi ya miaka ya 1940, nao unathibitisha kwamba kikundi hiki kingeweza kupiga bebop ya moto kila usiku kama kingetaka. "What's New" unafunga albamu polepole.

Poinciana

Halafu kuna "Poinciana", dakika nane na ushee, unaofungua upande wa pili. Ni wimbo wa Nat Simon wa mwaka 1936, juu ya mti wa maua mekundu. Mpoinsiana wa maua mekundu ni wa asili ya Madagaska, nao ndio unaowaka barabarani kwetu kuanzia Tanga hadi Lindi kuelekea Krismasi. Jamal alikwisha kuurekodi mwaka 1955 na gitaa la Crawford. Toleo la 1958 lina kitu kimoja ambacho lile halina: mikono ya Fournier.

Mikono hiyo inafanya kazi mbili tofauti. Mmoja umeshika kirungu chenye kichwa laini cha kitambaa na unapiga tomu. Mwingine umeshika kijiti cha kawaida na unagonga toazi. Mguu wa kushoto unafunga matoazi ya mguu (hi-hat) kwenye pigo la pili na la nne, kila kipimo, bila kukosa, kwa dakika nane. Asili ya wazo hili ni gwaride za mitaani za New Orleans, ambako mtu anayebeba ngoma kubwa hufunga toazi dogo juu yake: mkono mmoja hupiga ngoma kwa kirungu, mwingine hugonga toazi kwa kipande cha chuma. Fournier alilihamisha hilo kwenye seti ya dramu ya klabu, akalipunguza sauti hadi likakaa chini ya piano.

Siri ni ile tofauti ya kirungu na kijiti. Kichwa laini hukaa kwenye ngozi kwa muda mrefu kidogo kuliko mti mtupu, hivyo kinazima milio mikali ya juu na kuacha mvumo wa chini. Kijiti kwenye toazi kinatoa mlio mkali mtupu, bila mvumo. Milio hiyo miwili iko mbali sana kiasi kwamba sikio linadhani kuna wapigaji wawili, na katikati yake panabaki eneo lote la kinanda, wazi. Wapiga dramu wanaoiga mdundo huu kwa vijiti viwili hukwama hapo hapo: tomu zinakuwa na ukali uleule wa toazi, eneo la katikati linajaa, na mpiga piano analazimika kupanda sauti ili asikike. Kosa la pili ni kuiacha tomu ya chini ivume ovyo. Mvumo wake unaangukia palepale Crosby alipo. Ikaze kidogo au weka kitambaa. La tatu ni kuharakisha. Mdundo huu una noti nyingi zinazoangukia kati ya mapigo, na mkono usiozoea huzisukuma mbele. Dawa yake ni mguu: anza na matoazi ya mguu peke yake kwa dakika mbili tatu, kisha ongeza kirungu, na kijiti kiwe cha mwisho.

Juu ya mdundo huo Crosby anazungusha kijisentensi cha besi kinachojirudia, na Jamal haharakishi kuingia kwenye wimbo. Mtu aliyekulia kwenye dansi la Kongo au la Dar ataelewa mara moja kinachotokea: ni kama sebene iliyoletwa mbele, kodi chache (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zinazozunguka zikiwa ndizo makao, na wimbo wenyewe ukija kutembelea. Siyo kwamba kuna undugu wa kihistoria kati ya hivyo viwili. Kinachofanana ni mantiki ya mzunguko. Mzunguko unaruhusu kitu ambacho vipimo 32 haviruhusu, yaani kukaa mahali pamoja mpaka chumba kizima kiwe tayari kuondoka. Jamal alikuwa na ishara za kuwaonyesha wenzake lini mzunguko unafungwa, na ukisikiliza kwa makini utaona mabadiliko yanatokea kwa watu watatu kwa wakati mmoja, bila mmoja kuchelewa. Hapo ndipo kikundi cha mtindo huu huanguka kikipigwa na watu wasiozoeana: mpiga piano anatoka kwenye mzunguko, besi inabaki nyuma kipimo kimoja, na kila kilichojengwa kwa dakika tano kinamwagika.

Walivyohukumu, na walichokuwa wamekwisha kusifu

Kinachonisumbua zaidi katika upokeaji wa albamu hii ni mfuatano wa miaka. Mei 1957 mpiga tarumbeta Miles Davis alirekodi "Miles Ahead" na okestra iliyopangwa na Gil Evans. Ndani yake mna "New Rhumba", utunzi wa Jamal, na Evans aliufuata mpangilio wa kikundi cha Jamal kwa ukaribu mkubwa: alichukua yaliyopigwa na watu watatu akayagawa kwa okestra ya watu karibu ishirini. "Miles Ahead" ilisifiwa sana. Basi mwaka 1958 wapo waliosikia fikra zilezile za mpangilio, safari hii mikononi mwa mwenyewe, wakaziita nyepesi. Zikipigwa na shaba na filimbi zilikuwa usanii. Zikipigwa kwenye sebule ya hoteli ya South Side zilikuwa mapambo.

Davis hakuficha deni lake. Dada yake Dorothy ndiye aliyemwelekeza kwa Jamal mapema miaka ya 1950. Alimtaka mpiga piano wake Red Garland apige kwa mkondo wa Jamal, na mwaka 1956 akamwachia Garland arekodi "Ahmad's Blues" bila tarumbeta kabisa. "Surrey" Jamal aliurekodi 1951, Davis akaufuata 1956. "Billy Boy" ulifuata njia hiyohiyo hadi kwenye albamu ya "Milestones". Utangulizi wa "Autumn Leaves" unaosikika kwenye albamu ya Cannonball Adderley ya 1958 una mizizi kwenye toleo la Jamal la 1955. Katika mahojiano na Nat Hentoff yaliyochapishwa mwaka huohuo wa 1958, Davis aliwaelekeza wasomaji wasikilize jinsi Jamal anavyoacha pumzi ili bendi isikike na isisongamane. Mtu mwenye heshima kubwa kuliko wote kwenye jazz ya wakati ule alitoa ufunguo hadharani, na bado baadhi ya wahakiki walichukulia kwamba Davis ana udhaifu usioelezeka kwa mpiga piano wa baa.

Kwa nini? Mwaka 1958 kipimo cha uzito wa mwanajazz kilikuwa solo ndefu, utunzi wake mwenyewe, na moto. Wahakiki walikuwa wamepigana miaka mingi ili jazz ichukuliwe kuwa sanaa ya kukaa kimya na kusikiliza, na rekodi hii ina vicheko na glasi za wateja. Tena ilitoka Argo, tawi la kampuni ya Chess iliyojulikana kwa Muddy Waters na Chuck Berry. Tena iliuza. Kila alama ya nje ilisema "biashara", na kwa mtu aliyezoea kupima solo, hakukuwa na solo ya kupima ambayo ingepinga alama hizo. Miaka mitatu baadaye kikundi cha mpiga piano Bill Evans kilirekodi klabu ya Village Vanguard huko New York na kikasifiwa kwa usawa wa vyombo vitatu. Sifa hiyo ni halali. Lakini usawa ulikwisha kuwepo Chicago kwa namna nyingine: kwa Bill Evans besi na piano zinazungumza kwa pamoja na kukatizana, kwa Jamal zinapokezana ndani ya mpango uliokwisha kukubaliwa. Wahakiki walitambua namna ya kwanza upesi kwa sababu inasikika kama mjadala.

Wanamuziki hawakusubiri. Jack DeJohnette, kijana wa Chicago aliyeanza kama mpiga piano, alivutwa kwenye dramu na brashi za Fournier kwenye albamu hii. Keith Jarrett ameeleza jinsi rekodi za kikundi hikihiki zilivyomfungua, na baadaye wawili hao pamoja na Gary Peacock wakaunda kikundi cha piano kilichodumu miongo mitatu. Kwenye maandishi marekebisho yalichelewa. Mhakiki Stanley Crouch alifika mbali kuliko wote: alimweka Jamal wa pili baada ya Charlie Parker kwa umuhimu katika maendeleo ya jazz baada ya 1945. Mimi naona hilo limezidi, kwa sababu linawaacha nje mpiga piano Thelonious Monk na Davis mwenyewe, lakini naelewa alitaka kusukuma mzani uliokuwa umelala upande mmoja kwa muda mrefu. Mwaka 1995 Clint Eastwood alitumia "Poinciana" na "Music! Music! Music!" kwenye filamu ya "The Bridges of Madison County", na kizazi kingine kikaingia kwa mlango huo.

Pesa za albamu zilifanya kitu ambacho wasomaji wengi wa huku watakifurahia. Mwaka 1959 Jamal alisafiri Afrika Kaskazini, na aliporudi Chicago akafungua mgahawa na klabu yake, Alhambra, isiyouza pombe. Yaani mtu aliyeitwa mpiga piano wa kusindikiza vinywaji alifungua klabu ya jazz isiyo na vinywaji hivyo. Haikudumu, ilifungwa mwaka 1961, na klabu isiyo na mauzo ya baa katika biashara ile ilikuwa na hesabu ngumu tangu mwanzo. Mwaka 1962 kikundi kilivunjika, Crosby akaenda kwa mpiga piano George Shearing, na Agosti mwaka huohuo akafariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka 43. Jamal aliendelea kwa miaka sitini zaidi, na sauti yake ikawa nzito na yenye nguvu zaidi. Mwaka 1974 alirekodi kipande alichokiita "Swahililand", na mwaka 1996 mtayarishaji J Dilla alikata sehemu yake na kuifanya msingi wa "Stakes Is High" ya kundi la hip-hop la De La Soul. Ukisikiliza kodi zile zikizunguka utatambua mantiki ya "Poinciana" bado inafanya kazi. Alifariki Aprili 16, 2023, akiwa na miaka 92.

Kwa wapiga piano wanaotaka kujaribu mtindo huu, onyo la vitendo. Kunyamaza hakufanyi kazi kama besi na dramu hazijui kwamba utanyamaza. Mpiga besi mwenye wasiwasi huona pengo akalijaza kwa noti nyingi, mpiga dramu naye anaongeza toazi, na piano ikirudi inakuta mahali pamejaa. Kubalianeni kabla: pengo likitokea, besi inabaki kwenye kijisentensi chake bila kuongeza hata noti moja, na dramu haipandi. Chagueni wimbo ambao wasikilizaji wenu wanaujua, siyo ambao Chicago ya 1958 ilikuwa ikiujua. Wekeni mzunguko mmoja tu wa kodi mbili mwishoni mwa wimbo na ishara moja ya kutoka, kwa mfano kodi fulani ya juu ambayo mpiga piano haitumii mahali pengine popote. Pigeni wimbo huo mmoja wiki nzima kabla ya kugusa wa pili. Na mrekodi kwa maikrofoni moja iliyowekwa katikati ya chumba: kama besi haisikiki vizuri kwenye rekodi hiyo, piano na dramu ndizo zenye kosa, na hakuna fundi mitambo atakayelirekebisha baadaye.

Anayenunua ajihadhari na majina, kwa kuwa rekodi za Pershing zimetolewa upya mara nyingi kwa vichwa tofauti. Albamu ya asili ni ile yenye nyimbo nane, ikianza na "But Not for Me" na kumalizia na "What's New". Matoleo yanayojiita kamili huunganisha hizo na juzuu ya pili ya 1961 kwenye diski moja. Ni bei nzuri, ila zima kicheza muziki baada ya wimbo wa nane mara chache za mwanzo, la sivyo mchujo ule hutausikia. Baada ya hapo nenda kwenye rekodi za klabu ya Spotlite ya Washington, za mwaka huohuo wa 1958, ambako watu walewale watatu wana nafasi ndefu zaidi, kisha zile za Alhambra za 1961, ambako Crosby yuko kwenye kilele chake.